Pomboo kafa ufukweni, sumu imemfanya nini? Mwongozo kamili wa kupima athari za kemikali kwa pomboo na nyangumi, kwa watu wa Unguja na Pemba

Mie kazi hii nimeianza kwa kupoteza sampuli. Alfajiri moja nikapigiwa simu na mvuvi wa Kizimkazi, pomboo kanasa kwenye jarife usiku, kafa, tunaye hapa diko, njoo kabla jua halijapanda na kabla watu hawajaanza kumgawana. Nikafika mbio na kisu, deli la barafu na daftari, nikakata shahamu nzuri kabisa, yaani lile tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, halafu kwa vile foili sikuwa nayo nikaitia kwenye mfuko wa plastiki nikapiga fundo. Wiki tatu baadae maabara wakanambia hii haifai, plastiki imeshagusana na mafuta, chochote tutakachokiona humu hatutajua kimetoka kwa pomboo au kimetoka kwenye mfuko. Iliniuma sana, maana yule alikuwa jike mzima mwenye maziwa, na mtu anaweza kukaa miaka asimpate mwengine kama yule akiwa bado mbichi vile.

Kwa hiyo naandika kwa urefu, na namuandikia yeyote anayeweza kuwa wa mwanzo kufika, mwanafunzi wa chuo, kijana wa boti ya watalii, mtu wa kamati ya wavuvi, sheha, mwalimu wa skuli. Kipimo chenyewe kinafanyika maabara, sawa, lakini kazi inatengenea au inaharibika pale pale mchangani, ndani ya saa mbili tatu za mwanzo.

Kwanza tuelewane tunapima nini

Watu wakisikia kupima uchafuzi wanafikiria namba moja tu, sumu kiasi fulani, basi. Hapana. Kuna kujua sumu ipo na ipo kiasi gani, hiyo ni kazi ya mashine, halafu kuna kujua imemfanya nini yule mnyama, na hili ndo gumu na ndo lenye maana, kwa sababu pomboo anaweza kuwa na sumu mwilini akaishi na akazaa vizuri, na mwengine akawa na sumu hiyo hiyo mimba zinatoka.

Nipe mfano wa nje ambako hii imefanyika vizuri. Mwezi wa April 2010 kisima cha mafuta cha Deepwater Horizon kiliripuka kwenye Ghuba ya Mexico kule Marekani. Mwaka uliofuata watafiti wakawashika pomboo wa Barataria Bay, Louisiana, wakawapima wakawaachia, wakakuta wengi mapafu yao yana maradhi na homoni za tezi zilizo juu ya figo ziko chini. Wakalinganisha na pomboo wa Sarasota Bay, Florida, ambako mafuta hayakufika na ambako pomboo wanafuatiliwa tangu 1970, mmoja mmoja kwa pezi lake. Halafu wakawafuata majike wenye mimba, waliozaa mtoto akaishi ni asilimia 20 tu, wakati kwengine kusikochafuliwa ni kama asilimia 83. Hapo ndo unaweza kusema athari, maana una mwili wa mnyama, una uzazi wake, na una kundi la kulinganisha nalo.

Sasa huku kwetu. Kuna utafiti ulitoka 2010 ukiongozwa na Haji Mwevura, walichukua shahamu ya pomboo walionasa kwenye nyavu hapa Zanzibar wakaipima. Kilichopatikana kinatia moyo na kinatia wasiwasi kwa pamoja. PCB, zile kemikali za viwandani zilizokuwa zikitiwa kwenye transfoma za umeme, zilikuwepo chembe tu. Dawa za kuulia wadudu zilikuwepo lakini chini kuliko sehemu nyengine za dunia, DDT ilionekana ni mabaki ya zamani na lindane ilionekana imetumika karibuni. Na kilichokuwa kingi kuliko vyote ni kemikali zenye bromini ambazo inaaminika zinatengenezwa na viumbe wenyewe wa baharini, huku kwetu zilikuwa juu kuliko kwengine, na athari zake kwa afya hazijulikani ingawa umbo lake linafanana na la sumu tunazozijua. Kwa hiyo anayekwambia bahari ya Zanzibar imejaa sumu kwa ushahidi wa pomboo anakosea, na anayekwambia hamna kitu anakosea vile vile.

Sumu gani inakaa wapi

Hili lazima ulijue kabla ya kushika kisu maana ndo linaamua ukate wapi.

PCB, DDT na jamaa zake hazipendi maji, zinapenda mafuta. Zinaingia kwenye vidudu vidogo, vinaliwa na dagaa, dagaa wanaliwa na samaki mkubwa, na kila ngazi zinazidi kukusanyika mpaka kwa pomboo aliye juu kabisa. Matumbo 26 ya pomboo walionasa hapa kwetu yaliwahi kuchunguzwa yakakutwa na aina 50 za samaki na aina 3 za ngisi, mikunga, changu, yaani vingi ni vitu tunavyonunua na sie Darajani. Hizo zitafute kwenye shahamu.

Zebaki haikai kwenye shahamu, itafute kwenye ini, figo na nyama. Na ukipima zebaki ya ini pima na seleniamu, madini mengine yaliyomo mwilini, pamoja, kwa sababu pomboo anaifunga zebaki kwa seleniamu ikawa haina nguvu, ukiona zebaki nyingi kwa mzee na seleniamu imelingana nayo hiyo si sawa na zebaki nyingi iliyo peke yake.

Mafuta ya meli na petroli, hapa wengi wanakosea. Mwili unayavunja haraka, ukiyatafuta kwenye shahamu unaweza usiyaone na bado yamemuumiza. Kwa samaki wa kawaida tunatazama nyongo, lakini pomboo na nyangumi hawana kifuko cha nyongo, usipoteze nusu saa ukikitafuta. Kwao tazama mapafu, tezi za juu ya figo, na kwenye ngozi kuna kimeng'enya kinaitwa CYP1A ambacho kinapanda mnyama akikutana na kemikali za namna hiyo.

Hatua ya kwanza: mkoba na vibali, kabla hajafa yeyote

Kibali kitafute mapema, Idara ya Uvuvi, na ujitambulishe kwa sheha na kamati ya wavuvi wa pale unapotaka kufanya kazi. Ukiwa huna chuo au taasisi nyuma yako jiunge na wenye kazi yao, Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Buyu, ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi pale Maruhubi, au SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar. Na ujue kabisa pomboo na nyangumi wote wako kwenye orodha za CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kipande kidogo tu cha ngozi hakivuki mpaka bila ya karatasi, hata ukiwa unakipeleka kwa nia njema.

Mkoba wangu sasa hivi uko hivi na haufunguliwi kwa kazi nyengine: foili, chupa za gilasi zenye mfuniko, visu viwili vya chuma, asitoni ya maabara ya kusafishia (si ile ya kutolea rangi ya kucha, ile ina manukato), glavu jozi nyingi, barakoa, futi ya utepe mita 5, rula, penseli, lebo za karatasi ngumu, fomalini kwenye dumu lake, spiriti kali, vifuko safi vya plastiki vya sampuli za metali tu, na turubai la kutandika chini, maana mchanga huku umejaa tele. Foili iwe imesuuzwa kwa asitoni ikakauka, upande wa ndani usiguswe na mkono.

Na ukishaitwa, usijipulize dawa ya mbu, usipake losheni, usijifukize udi siku hiyo. Sitanii, hivi vyote vinaonekana kwenye mashine.

Hatua ya pili: umefika, usikate kitu

Kama bado yuko hai mambo yote ya sampuli yasimame. Mtilie kivuli, mmwagie maji mwilini lakini tundu la pumzi juu ya kichwa lisiingie maji wala mchanga, watu warudi nyuma, kelele zipungue, na mpigie simu mtu wa Uvuvi.

Kama kafa, kwanza amua kafa lini, kwa sababu hilo linaamua unaweza kuchukua nini. Watu wa fani hii wanatumia namba 1 mpaka 5. Namba 1 yuko hai. Namba 2 kafa karibuni, macho yanang'aa, hanuki, tumbo halijajaa. Namba 3 kaanza kuvimba, ngozi inachubuka, viungo vya ndani bado vinatambulikana. Namba 4 kashaoza, ndani ni uji. Namba 5 ni mifupa na ngozi kavu. Kwa jua letu la mwezi wa Februari namba 2 inakuwa namba 3 kabla ya adhuhuri, kwa hiyo unapomkuta saa moja asubuhi tafuta makuti umfunike, uyarowanishe.

Na hapa nasisitiza, asifunikwe kwa chandarua. Nimeona hili zaidi ya mara moja, watu wema kabisa wanaleta chandarua wamfunike mnyama wa watu asikae uchi juani, lakini vyandarua vyetu vimetiwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo inaingia kwenye ngozi na shahamu. Khanga nayo ina sabuni na manukato. Makuti ndo bora.

Vaa glavu na barakoa. Pomboo ana bakteria wanaoingia kwa binadamu, wa brusela na wengine wanaoingia kwenye mkwaruzo mdogo tu wa kidole. Watoto wakae mbali. Na nyama ya pomboo aliyekutwa kafa ufukweni watu wasile, liseme hili kwa upole kupitia sheha, usianze kugombana na wanaotaka mafuta ya kupaka chombo, wao wako pale kabla yako na watakuwepo baada yako.

Sasa mtambue ni nani. Piga picha upande wa kushoto, wa kulia, kichwa, mkia, sehemu za siri, na pezi la mgongoni kwa karibu sana, kwenye kila picha weka rula na lebo. Mpime urefu kuanzia ncha ya mdomo wa juu mpaka kwenye pengo la katikati ya mkia, kwa mstari ulionyooka, futi isifuate mwili. Mgeuze utazame tumboni, dume ana mpasuko na tundu la haja viko mbalimbali, jike ana mpasuko mmoja mrefu na pembeni yake vipasuko viwili vidogo vya chuchu, vibonye uone kama maziwa yanatoka, ukiona maziwa andika kwa herufi kubwa.

Unaweza kuona haya ni mapambo tu ya kabla ya kazi. Siyo, hii ndo kazi. Dume anakusanya sumu maisha yake yote haina pa kutokea. Jike anaitoa kwa mtoto, na kwenye ule utafiti wa hapa Zanzibar walikadiria kwamba jike anampa mtoto wake kiasi cha asilimia 72 ya dawa za wadudu alizonazo mwilini, na zinazopita kwenye kondo la nyuma wakati wa mimba ni asilimia 2.5 tu ya mzigo wa mama, zilizobaki zote ni kwenye maziwa. Fikiria mtoto wa kwanza, yeye ndo anapokea mzigo wa miaka yote mama alipokuwa mwari. Kwa hiyo sampuli isiyo na jinsia, urefu na hali ya uzazi ni namba isiyo na mwenyewe, huwezi kuilinganisha na chochote.

Aina nayo ni muhimu. Wale wa Kizimkazi wa kila siku, Tursiops aduncus, na wale wenye nundu, Sousa plumbea, ni wakaazi, wanakula hapa hapa, sumu yao ni ya hapa. Na ni wachache, hesabu za 1999 mpaka 2002 ziliwakuta wa aina ya kwanza 136 mpaka 179 na wenye nundu 58 mpaka 65 tu. Nyangumi wale wakubwa wanaopita wakati wa kusi wanatoka kwenye bahari za barafu za kusini, huko ndo wanakokula, huku wanakuja kuzaa. Ukimpima nyangumi wa Nungwi unapima zaidi bahari ya Antaktika kuliko bahari ya Nungwi.

Hatua ya tatu: shahamu

Hii naieleza kama ninavyoifanya. Upande wa kushoto, chini kidogo ya pezi la mgongoni, sehemu ya nyuma yake. Kila safari pale pale, kwa sababu mafuta ya mgongoni na ya tumboni hayafanani. Osha kwa maji ya bahari, pangusa, futa kisu kwa asitoni, subiri kikauke. Kata mraba wa sentimita 5 kwa 5, kisu kiingie wima kipite ngozi nyeusi, kipite ile tabaka nyeupe inayokatika kama nazi changa, mpaka ukute nyama nyekundu, hapo simama. Mraba utoke mzima, ngozi juu mpaka chini kabisa, usichukue ule wa juu tu kwa sababu tabaka la juu na la chini linahifadhi sumu kwa viwango tafauti, la chini ndo linatumika mnyama akiwa na njaa. Kabla hujaufunga pima unene kwa rula, mgongoni, ubavuni na tumboni, andika zote tatu.

Uweke kwenye foili upande uliosuuzwa, kunja mara mbili, lebo ya penseli juu yake (wino unayeyuka kwenye spiriti), halafu foili ya pili, ndani ya chupa ya gilasi, ndani ya deli. Kata wa pili ubavuni mwa ule wa kwanza, huo ni wa akiba, usichanganye. Na fungua kipande kitupu cha foili ukiache wazi pale pale muda wote unaokata kisha ukifunge kama sampuli, hicho maabara watakipima vile vile, kama kuna moshi wa jaa au petroli ya mashine ya boti imeingia kitasema.

Hatua ya nne: ndani

Hii ifanywe na daktari wa mifugo au mtu aliyefundishwa, wewe uwe mwandishi na mpiga picha. Ila ujue unachokitazama. Figo ya pomboo haifanani na ya mbuzi, ni vijifigo vingi vidogo vimeshikana kama kishada cha zabibu. Bandama ni ndogo, duara kama kipira. Tezi za juu ya figo zipimwe ukubwa zote mbili, zikiwa nene au nyembamba kupita kiasi ni habari. Mapafu yakatwe sehemu kadhaa, tazama usaha, minyoo, uvimbe mgumu.

Kwa jike, ovari zote mbili zichukuliwe nzima. Hapa pana kitu cha ajabu, kwa pomboo na nyangumi yai likitoka linaweza kuacha kovu kwenye ovari na kovu hilo linaweza kudumu miaka mingi, kwa hiyo ukizikata vipande vyembamba unahesabu makovu. Ukikuta jike mwenye umri mkubwa ana makovu mengi lakini hajawahi kunyonyesha, unaanza kuuliza maswali mazito. Januari 2016 kule Tiree, Scotland, alikutwa kafa jike mmoja wa nyangumi muuaji aliyekuwa akiitwa Lulu, shahamu yake ilikuwa na PCB miligramu 957 kwa kilo ya mafuta, ana miaka 20 angalau, na ovari zake zilionesha hajawahi kuzaa.

Umri unasomwa kwenye jino, meno kadhaa ya katikati ya taya la chini yang'olewe, yakikatwa yana mistari kama ya mti. Tumbo lifungwe kamba pande zote mbili lichukuliwe zima, vijiwe vya masikio ya samaki na midomo ya ngisi vitasema kala nini. Ilipotokea ile Ijumaa ya tarehe 28 April 2006, pomboo kama 400 wamekufa ufukweni upande wa Nungwi na Kendwa, kitu cha mwanzo watu walichokisema ni sumu, na ni matumbo yaliyosaidia kutuliza, yalikuwa na mabaki ya mifupa na midomo ya ngisi tu, hawakuwa wamekula karibuni, na ushahidi wa kulishwa sumu haukupatikana.

Hatua ya tano: kuhifadhi

Kila kiungo kinagawiwa mara mbili. Kipande kwenye barafu kwa ajili ya kemikali, ini na figo na nyama kwa metali waweza kuvitia kwenye vifuko safi vya plastiki, hapo plastiki ndo bora kuliko foili kwa sababu foili yenyewe ni metali. Kipande chengine chembamba, kisizidi sentimita 1, kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, fomalini iwe mara kumi ya nyama, na hicho kisigandishwe hata siku moja, barafu inapasua chembe hai na daktari wa darubini haoni kitu. Ngozi kidogo kwenye spiriti kwa vinasaba.

Shahamu igande nyuzi 20 chini ya sifuri. Tatizo letu ni umeme. Waliokuwepo wanakumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima, friza zote zikawa makabati. Usiweke sampuli zote sehemu moja, akiba ipeleke taasisi nyengine yenye jenereta, na weka sarafu juu ya kikombe cha barafu ndani ya friza yako, ukiikuta sarafu imezama ujue umeme ulikatika ikayeyuka ikaganda tena bila ya kuambiwa.

Hatua ya sita: kusoma karatasi ya maabara

Majibu yakija tazama kwanza yameandikwa kwa kilo ya nini. Kuna kwa kilo ya shahamu nzima na kuna kwa kilo ya mafuta yaliyomo ndani ya shahamu, na hizi hazilinganishwi hata kidogo. Tuseme kwa mfano tu, pomboo wawili wote wana miligramu 2 kwa kilo ya shahamu. Wa kwanza shahamu yake nusu ni mafuta, 2 gawa kwa 0.5 unapata 4 kwa kilo ya mafuta. Wa pili kakonda, mafuta ni robo tu, 2 gawa kwa 0.25 unapata 8. Namba ile ile imekuwa mara mbili. Mnyama aliyekonda ameunguza mafuta na sumu imebaki nyuma, ndo sababu ya ule unene uliopima kwa rula.

Halafu watu wanakimbilia viwango. Kwa PCB utakutana na 9, 17 na 41, zote miligramu kwa kilo ya mafuta, ukiwa juu ya 9 au 17 dalili za mwili zinaanza kutarajiwa na 41 ni uzazi kuharibika. Zitumie lakini ujue zilikotoka, hiyo 41 ni ya sili, mnyama mwengine wa baharini, wa bahari ya Baltic kule Ulaya, na nyengine zimejengwa kwa majaribio ya wanyama wengine wadogo, si pomboo wa maji ya moto. Ni taa ya njano, si hukumu.

Hatua ya saba: kuitafuta athari yenyewe

Sampuli moja haitakwambia athari. Unahitaji kundi, na njia ninayoipenda ni ile iliyotumika Uingereza kwa jamaa mdogo wa pomboo wa bahari za baridi, waliwagawa waliokufa mafungu mawili, waliokufa kwa maradhi ya kuambukiza na waliokufa kwa ajali hali walikuwa wazima, wakakuta waliokufa kwa maradhi wana PCB nyingi zaidi, na hapo hoja ya sumu kudhoofisha kinga ya mwili ikapata miguu.

Sie tuna bahati mbaya inayogeuka kuwa msaada. Pomboo wanaonasa kwenye majarife yetu wengi wao walikuwa wazima mpaka dakika walipozama, hao ndo kundi la kulinganisha. Wanaotupwa ufukweni mara nyingi ni wagonjwa. Ukiwachanganya kwenye hesabu moja unapata wastani usio na maana, ukiwatenga unapata swali zuri. Linganisha dume mzima na dume mzima, mtoto na mtoto, jike aliyezaa na jike aliyezaa, na kama huna wa kutosha subiri miaka, hamna njia ya mkato.

Walio hai nao wana kazi yao na hii hata kijana wa boti anaweza kuianza kesho. Piga picha mapezi ya mgongoni, kila pezi lina pengo na makovu yake, ukipiga vizuri kutoka ubavuni unamjua mtu wako mwaka hadi mwaka. Andika jike gani kaonekana na mtoto, mwezi gani, na mtoto yule mwakani yupo au hayupo. Rangi ya ngozi, vidonda, kukonda shingoni nyuma ya tundu la pumzi. Ukae mbali, mashine chini, usimzunguke. Kuchukua ngozi kwa mshale kutoka kwenye boti inawezekana na inafanyika duniani lakini ni ya wenye kibali na mafunzo, usijaribu.

Baada ya yote

Majibu yakifika rudi diko. Mie huwa naenda baada ya sala ya alasiri vyombo vikiwa vimepakiwa, nakaa nao, nawaambia yule pomboo mliyenipigia simu alikuwa jike wa miaka kadhaa, kala mikunga na ngisi, alikuwa ananyonyesha, ndani yake kuna dawa hii na hii na kiasi chake ni hiki. Wanauliza maswali makali kuliko ya chuoni, samaki tunaokula je, dawa ya shambani inafikaje baharini, na pale ambapo kipimo changu hakijajibu nasema hakijajibu. Wakishajua kazi yao ilikwenda wapi wanapiga simu mapema zaidi. Nambari ya simu iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa diko, kubwa, na chini yake "msimkate mpaka tufike, msimfunike chandarua", na ukibadilisha laini uende siku hiyo hiyo ukafute uandike mpya.